Unauza kwa mizani? Anza kuwa mkweli hivi

Jamani mimi nauza mchele na maharage, hii michezo naijua yote, kidole kwenye mizani, kopo lililobonyezwa kitako, mchele mzuri juu wenye chenga chini, afu jioni tunawahi msikitini safu ya kwanza. Sura ya 83 ya Qurani, Al-Mutaffifin, inaanza na onyo kwa wanaopunja vipimo, yaani sisi hao.

Sasa kabla hujafungua duka chukua pakiti ya sukari ya kilo moja haijafunguliwa, iweke kwenye mizani yako uone inasemaje. Ikisoma tofauti usijidanganye eti "si gramu chache tu", ita fundi, na mizani ikakaguliwe na Wakala wa Vipimo.

Afu mzigo mbovu weka juu uonekane. Mtume (SAW) alipita sokoni akaingiza mkono kwenye lundo la chakula akakuta chini kumelowa, muuzaji akasema ni mvua, akaulizwa mbona hukuweka juu watu waone. Mteja akiuliza "huu wa Kyela?" na sio, sema sio, utashangaa bado ananunua.

Kazi ipo kwenye hela za zamani tulizowapunja watu. Unaowakumbuka wafuate uwarudishie, aibu utaiona, mi mama mmoja alinicheka weee afu akazihesabu mbele yangu mara mbili. Usiowajua watolee sadaka kwa niaba yao, na ukikadiria kadiria juu, maana hapo ndo tunapoanza tena kujipunguzia.