Kubadilisha vepu: anza na koili, kifaa kifuate

Wengi wakitaka kuhama kutoka vepu ndogo, yaani sigara ya kielektroniki, hukimbilia kutazama wati. Hii imeandikwa 30, ile 80, ile pale 200, basi wanachukua kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Mimi huanza upande wa pili kabisa, kwenye koili, kile kiwaya chenye pamba kinachogeuza juisi (majimaji ya vepu) kuwa mvuke, na mwongozo huu unakwenda hivyo. Umeandikwa kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta podi ndogo (vepu ya kikopo kidogo cha juisi) au zile za kutupa, na amechoshwa na betri inayokata kabla ya jioni. Kama huvuti chochote, usianze. Nikotini kuizoea ni rahisi, kuiacha ni kazi.

Hatua ya 1: Jua unachovuta sasa

Angalia nguvu ya nikotini na omu za koili, yaani ukinzani wake kwa umeme. Pakiti ikisema asilimia 2, hiyo ni miligramu 20 kwa kila mililita, na asilimia 5 ni miligramu 50. Katika nchi za Umoja wa Ulaya juisi yenye nikotini hairuhusiwi kuzidi miligramu 20, kwa hiyo kama kifaa chako kinatoka soko jingine, usidhani namba zitalingana.

Hatua ya 2: Chagua mvuto

Mvuto uko wa aina mbili. Wa kwanza unajaza mdomo kisha unashusha mapafuni, kama sigara ya kawaida. Wa pili unakwenda moja kwa moja mapafuni, kama shisha. Aliyetoka kwenye sigara namshauri abaki na wa kwanza, na hapo sibembelezi mtu. Mawingu makubwa ni ya kupigia picha, na yanamaliza juisi upesi ajabu.

Hatua ya 3: Linganisha koili na juisi

Hapa ndipo watu wanapoteza hela, kwa hiyo usirukeruke.

Shemeji yangu alinunua kifaa kikubwa, kizuri tu, chenye koili ya omu 0.2, akakiweka wati 60. Akajaza juisi aliyoizoea kwenye podi yake, ya chumvi ya nikotini (aina isiyokwaruza koo hata ikiwa kali), miligramu 20. Baada ya mivuto michache alikuwa ameketi sakafuni, jasho linamtoka, mate yamemjaa mdomoni, moyo unamwenda mbio. "Shemeji, wameniuzia sumu!" Juisi haikuwa na kasoro yoyote. Koili ya podi hukausha tone dogo kwa kila mvuto, lakini ile ya omu 0.2 hukausha mara kadhaa ya hapo. Nikotini ni ileile kwa mililita, ila mililita zinazoingia mwilini kwa mvuto mmoja ni nyingi zaidi. Ukipatwa na dalili kama hizo, weka kifaa chini, toka upate hewa. Ukianza kutapika au zisipopungua, nenda hospitali.

Kanuni ninayotumia ni hii. Koili ya kuanzia omu 1 kwenda juu hufanya kazi vizuri kati ya wati 8 na 15, na inaivumilia chumvi ya nikotini ya miligramu 20. Koili ya omu 0.6 hadi 0.8 inataka wati 15 hadi 25 hivi. Teremsha nikotini hadi 10 au 12. Ukifika omu 0.4 kwenda chini, nunua juisi ya miligramu 3, ikizidi sana 6, tena ile ya nikotini ya kawaida isiyo ya chumvi. Wati hasa zimeandikwa ubavuni mwa koili yenyewe, kwa herufi ndogo mno, na hizo ndizo za kufuata, si zile za kwenye boksi la kifaa. Kifaa cha wati 80 kilichofungwa koili ya wati 15 ni cha wati 15.

Nikotini ikishakaa sawa, bado kuna uzito wa juisi. Juisi ni mchanganyiko wa propileni glikoli, ambayo ni nyepesi, na gliserini, ambayo ni nzito na hutembea polepole kama asali. Chupa huandikwa 50/50, au 70/30 ambapo 70 kwa kawaida ni gliserini. Koili ndogo zina vitundu vyembamba pembeni, na juisi nzito haipiti kwa kasi ya kutosha. Pamba inakauka, waya unaiunguza, unapata ile ladha ya nguo iliyoshikwa na pasi. Ladha hiyo haitoki; koili hiyo tupa. Ukigeuza mambo, juisi nyepesi ndani ya koili kubwa, inafurika. Utasikia inatokota ndani, matone ya moto yanaruka ulimini, na asubuhi meza imelowa.

Tatizo hili la pili ndilo lililotupotezea jioni nzima mimi na shemeji, siku aliponunua juisi isiyo kali. Tulibadilisha mpira wa tangi, tukakaza hesi, tukafungua na kufunga, tukapangusa, na bado ilivuja. Tulipomwaga 50/50 na kuweka 70/30 ndipo ikanyamaza. Kwa hiyo kabla hujalaumu tangi, soma chupa: koili ya juu ya omu 0.8 ipe 50/50, ya chini ya 0.5 ipe 70/30, na ya katikati inakubali 60/40.

Koili mpya haiwashwi ikiwa kavu. Dondosha matone machache juu ya pamba, kwenye vile vitundu vya pembeni, mpaka uione imebadilika kutoka nyeupe kuwa ya kung'aa. Ifunge, jaza tangi, subiri dakika 10. Anza na wati za chini kabisa zilizoandikwa kwenye koili, kisha panda mojamoja. Juisi zenye sukari bandia nyingi zinaacha gundi nyeusi kwenye waya na kuiua koili mapema. Mimi siziweki kabisa, hata zikinukia namna gani.

La mwisho hapa: kabla ya kulipa, hakikisha koili za kifaa hicho zinauzwa peke yake mahali unapofika kirahisi. Kifaa kisicho na koili sokoni ni cha kutupa.

Hatua ya 4: Betri

Kwa koili za wati chini ya 30, chukua chenye betri ya ndani, mAh 1000 na zaidi (kiasi cha umeme betri inachobeba), tundu la USB-C, basi. Ukipita hapo, betri za kutoa ni bora kwa sababu kifaa hakifi pamoja na betri.

Zinazotumika sana ni 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, na 21700, iliyo nene zaidi. Usitazame mAh pekee. Wati 60 zinavuta karibu ampea 17 betri ikiwa na volti 3.5, kwa hiyo betri ya tochi haifai. Tafuta ampea za kudumu, zile betri inazotoa mfululizo, si zile za kilele ambazo wauzaji hupenda kuziandika kwa wino mkubwa. Ukikuta 18650 iliyoandikwa mAh 9900, hiyo ni feki, irudishe.

Kagua nailoni iliyoifunika betri, hasa ukingo wa ncha chanya. Ikichanika hata kidogo, betri inaweza kupiga shoti ndani ya kifaa. Betri isiyo na kasha usiitie mfukoni na funguo. Watu wameungua mapaja hivyo.

Vifaa visivyo na saketi ya ulinzi, vile bomba tupu la chuma, sivishauri kwa yeyote anayesoma mwongozo huu. Weka koili ya omu 0.1 na betri iliyojaa volti 4.2, umeomba ampea 42, na hakuna kitakachokukatia.

Hatua ya 5: Tangi

La kujazwa kwa juu. Tangi za kujazwa kwa chini zinachafua mikono bila sababu.

Hatua ya 6: Siku za mwanzo

Usitupe podi ya zamani mpaka kifaa kipya kikae sawa. Juisi ifungie mbali na watoto, maana nikotini ikinywewa ni sumu, na ikikumwagikia mkononi nawa papo hapo. Ukisafiri kwa ndege, kifaa na betri vinakaa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo unaokabidhiwa, na ndani ya ndege havichajiwi. Tena uliza kwanza sheria za unakokwenda: Singapore na Thailand zimepiga vepu marufuku, na India ilifunga biashara yake 2019.