Kuwatazama minana wakijenga viota uani

Iwapo minana wameanza kuchana majani ya mnazi au mgomba uani kwako, usikate tawi walilolichagua, bali weka kiti umbali wa mita 10 hivi na uwatazame asubuhi, kabla jua halijawa kali. Dume ndiye afumaye kiota chenye mlango unaotazama chini, kisha hujining'iniza hapo akipigapiga mabawa ili jike aje kukikagua. Kikikataliwa, mara nyingi hukibomoa mwenyewe na kuanza upya, jambo ambalo kwangu linavutia kuliko kiota chenyewe. Makinda hulishwa zaidi wadudu, kwa hiyo usinyunyize dawa bustanini msimu huo. Badala ya makombo ya mkate, wawekee sahani pana yenye maji kidogo, uyabadilishe kila siku.