Kabla hujaenda mkutano wa kwanza wa watu wanaoacha pombe, panga haya

Watu wakisikia habari ya kikundi cha walioacha pombe wanadhani shida ni kupata moyo wa kwenda. Mi moyo nilikuwa nao siku nyingi tu, kilichonikwamisha mara mbili nzima ni vitu vidogo ambavyo sikuvipanga, ndo maana nakuandikia ndugu yangu uliyeko hapa Tabora na unajijua.

Anza na hospitali, kabla hata ya kikundi. Kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono haitulii mpaka uzimue, usiache ghafla peke yako chumbani. Mwili uliozoea pombe ukiikosa, dalili zinaanza ndani ya saa 6 mpaka 24 hivi, jasho, kutetemeka, usingizi unakata, afu degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na siku ya pili au ya tatu wengine wanaanza kuweweseka na kuona vitu ambavyo havipo, huku mtaani watasema karogwa kumbe ni pombe inatoka, na hali hiyo inaua kweli. Mi nilijaribu mwenyewe nyumbani, asubuhi nikashika kikombe cha chai kwa mikono miwili na bado nusu ikaishia kwenye shati, mke wangu akawa ananiangalia tu hasemi kitu. Nenda hospitali ya Kitete, sema ukweli unakunywa nini na kiasi gani, kama ni gongo sema gongo, kama ni wanzuki sema ndoo ngapi kwa wiki, daktari anataka kujua akupe nini. Kuna dawa za kutuliza hizo siku ngumu na vitamini B1, ila dozi apange yeye, usinunue kienyeji.

Ukiwa hapohapo waulize wa afya ya akili kama kuna kikundi wanachokifahamu. Uliza pia kanisani au msikitini, lakini chagua mtu anayejua kutunza siri maana mji wetu huu kila mtu ni shemeji wa mtu. Na ujue kwamba kikundi hakihitaji ukumbi wala mabango. AA, yaani Alcoholics Anonymous, ilianza 1935 kule Akron, Marekani, na watu wawili tu, mmoja mtu wa biashara ya hisa na mwingine daktari wa upasuaji, wote pombe ilishawamaliza, wakaona mlevi akikaa na mlevi mwenzie wakaambiana ukweli inasaidia. Mpaka leo kwa utaratibu wao wawili watatu wanaokutana ili waache wanaweza kujiita kikundi.

Ipo pia mikutano ya Zoom. Hapa angalia bando, angalia chaji, na angalia saa vizuri sana. Mi niliona 7:00 PM nikasoma saa saba, mchana nimejifungia ndani na simu hakuna mtu, nikajua wamenikataa, nikatoka nikaenda kunywa. Kumbe ilikuwa saa moja usiku. Ya Nairobi saa ni moja na yetu, ya London wako nyuma yetu saa mbili au tatu kutegemea msimu, kwahiyo hesabu mapema uandike kwa saa zetu za Kiswahili.

Hela ya kiingilio hakuna. Kapu linaweza kupita, ukiwa nayo weka, huna pitisha. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, uwe unataka kuacha. Kama mchana ulikunywa bado nenda, kaa usikilize, ila usibebe chupa mfukoni. Kuongea si lazima, ukifikiwa sema jina moja na "leo nasikiliza tu", inatosha kabisa. Uliza kabla kama mkutano ni wa wazi, wa wazi unaweza kwenda na mke au kaka yako, mwingine ni wa wenyewe tu. Watataja Mungu, lakini ni Mungu kadiri kila mtu anavyomjua, Muislamu na Mkristo wanakaa benchi moja.

Sasa njia ya kurudi, hapa ndo wengi tunaangukia, na ndo mara yangu ya pili. Mkutano mara nyingi ni saa moja hivi, unatoka jioni, kichwa kimejaa, na njia uliyozoea inapita kilabuni. Panga njia nyingine mapema, au bodaboda akusubiri, mlipe kabisa kwenda na kurudi. Na kama ni msimu wa malipo ya tumbaku hela yako ashike mtu unayemuamini, usitoke nayo. Kula kabla hujaondoka pia, njaa inajifanya kiu ya pombe.

Mwisho wa mkutano usikimbie. Omba namba ya mmoja aliyekaa muda mrefu bila kunywa, mwanaume kwa mwanaume, mwanamke kwa mwanamke, na uiandike kwenye karatasi maana simu huwa tunaziweka rehani. Mimi yangu ninayo mpaka leo kwenye kava la kitambulisho, imefifia. Usiku wa kwanza niliompigia, saa nne, nilikuwa nimeshavaa viatu. Akaniuliza kwanza kama nimekula.