Una tatuu na unataka kuingia utawani: namna ya kujiandaa

Tatuu yenyewe haimzuii Mkatoliki kuwa mtawa. Kanuni ya 643 ya Sheria ya Kanisa inawataja wasioweza kupokelewa kihalali katika unovisi, yaani kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri: aliye chini ya miaka 17, aliye kwenye ndoa ambayo ingalipo, aliyefungamana bado na shirika lingine la kitawa, anayeingia kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa hila, na anayeficha kwamba aliwahi kufungamana na shirika. Mchoro wa ngozini haumo. Katekisimu nayo haitaji tatuu popote. Wapo wanaowaelekeza vijana kwenye kanuni ya 1041, inayomzuia kupewa daraja takatifu mtu aliyejikata viungo au kumkata mwenzake kwa ubaya mkubwa. Hiyo ni habari nyingine kabisa.

Lakini usiridhike ukaishia hapo. Kifungu cha pili cha kanuni hiyohiyo ya 643 kinaliruhusu kila shirika kuongeza vizuizi vyake, na kanuni ya 642 inawataka wakubwa wa shirika wapokee wenye afya, tabia inayofaa na ukomavu wa kutosha. Ndiyo maana shirika moja linaweza kumpokea mwenye tatuu ya mkono mzima, na jingine likasita kwa jina dogo lililo shingoni. Mambo mawili ndiyo yanayoharibu ombi, na yote mawili hufanywa kwa nia njema: kuficha, na kukimbilia kufuta kabla hujaulizwa.

Jikague kwanza

Chukua daftari na futi ya fundi cherehani, simama mbele ya kioo. Kwa kila tatuu andika ilipo, ukubwa wake kwa sentimita, rangi, mwaka uliochora na maana yake. Piga picha moja kwa mwanga wa mchana. Kama tatuu ipo sehemu ya siri, maelezo ya maneno yanatosha. Hakuna mlezi, yaani msimamizi wa malezi ya wanaojiandaa kuwa watawa, mwenye haki ya kudai picha hiyo, na akidai, usitume.

Halafu fikiria nguo. Watu hudhani mavazi ya kitawa hufunika kila kitu, na hapo ndipo wanapokosea hesabu. Masista wengi wanaofanya kazi sehemu za joto huvaa gauni la mikono mifupi. Sista muuguzi anatakiwa mikono iwe wazi mpaka kwenye viwiko ili anawe ipasavyo. Wafransisko huvaa ndara, kwa hiyo vifundo vya miguu viko wazi mchana kutwa. Padre anapoinua mikono katika Sala ya Ekaristi, mkono wa alba, kanzu yake nyeupe ya ibada, huteleza kuelekea kiwiko, na mchoro ulio upande wa ndani wa mkono hutazamana moja kwa moja na benchi la mbele. Alhamisi Kuu kuna kuoshwa miguu. Jipime mwenyewe: vaa nguo ya mikono mirefu, inua mikono, inama kama unayepalilia, panga vyombo kwenye kabati la juu. Kinachojitokeza ndicho utakachoulizwa kwanza.

Chale za utotoni na alama za kabila, kama zile za usoni za wazee wa Kimakonde, usiziweke fungu moja na tatuu. Hukuzichagua wewe. Zitaje kwa sentensi moja na uendelee. Chale ulizochanjwa na mganga ukiwa mtu mzima ni suala jingine, kwa sababu zinagusa imani. Hizo zungumza na paroko wako mapema, na kama bado hujaungama, ungama.

Mchoro unasema nini

Mlezi hatazami wino tu. Anataka kujua ulikuwa nani ulipochora na leo uko wapi. Msalaba au jina la Bikira Maria halileti shida kubwa. Jina la mpenzi wa zamani linaleta swali la kama uhusiano ule umekwisha kweli, na kama kulikuwa na ndoa au mtoto. Ikiwa kuna mtoto, sema siku hiyohiyo, maana malezi yake yana uzito kuliko mchoro wowote. Alama ya genge, picha ya uchi, ishara za kishetani au maneno ya kukufuru zitahitaji maelezo marefu, na huenda ukaambiwa zifunikwe au zifutwe. Tatuu iliyochorwa juu ya makovu ya kujikata usiipambe kwa maelezo mengine. Sema ilikuwaje, na uwe tayari kuonana na mwanasaikolojia. Uchunguzi huo unahitaji ridhaa yako: kanuni ya 642 yenyewe inaagiza kwamba faragha yako, inayolindwa na kanuni ya 220, iheshimiwe.

Huenda mtu, pengine mzazi wako, akakusomea Walawi 19:28. Soma aya yote: inazungumza juu ya kujichanja kwa ajili ya wafu na kujiandika alama, katika sura inayowatenga Waisraeli na desturi za mataifa ya jirani. Wakristo wa Kikopti wa Misri hadi leo huchorwa msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na wanawake Wakatoliki wa Bosnia walichorwa misalaba mikononi enzi za utawala wa Waosmani. Tarehe 19 Machi 2018, Papa Fransisko aliulizwa na mseminari kutoka Ukraine kuhusu tatuu. Akajibu kwamba tusiziogope, akawataja Wakristo wa Eritrea wenye msalaba kwenye paji la uso, na akaonya juu ya kupita kiasi. Hata hivyo usiyatumie majibu haya kama silaha ya kubishana na mlezi. Yanakusaidia wewe usiingie na aibu usiyostahili.

Nani aambiwe, na lini

Mkurugenzi wa miito, anayeshughulikia wanaoomba kujiunga na shirika, ndiye wa kwanza. Si lazima iwe kwenye ujumbe wa kwanza kabisa, ila iwe kabla ya kujaza fomu na kabla ya siku za "Njoo uone", za kulitembelea shirika na kufahamiana. Kumwambia padre kwenye kitubio hakuhesabiki kama umetoa taarifa; amefungwa na siri ya maungamo na hawezi kumfikishia mtu yeyote. Mwambie pia paroko atakayekuandikia barua, nje ya kitubio, kwa sababu kanuni ya 645 inawaruhusu wakubwa kuuliza habari zako zaidi, hata kwa siri. Maelezo yenu yakipishana, utaonekana uliyeficha hata kama ulisahau tu.

Ujumbe uwe mfupi na wenye vipimo:

"Tumsifu Yesu Kristu, Sista. Kabla sijajaza fomu naomba nikufahamishe kwamba nina tatuu mbili. Moja ipo mkono wa kushoto juu kidogo ya kifundo, sentimita 6, ni jina la mtu niliyekuwa na uhusiano naye. Uhusiano huo uliisha 2021 na hatukufunga ndoa wala hatuna mtoto. Nyingine ni ua, lipo begani, halionekani nikivaa gauni lenye mikono. Naomba kujua shirika lina utaratibu gani, na kama kuna jambo la kufanya kabla sijaja."

Ukijibiwa kwa simu, andika ulichoambiwa, na ukirudishe kwa ujumbe ili mhakikishe mmeelewana. Swali moja usiliache: je, katiba au maelekezo ya shirika yanasema lolote kuhusu tatuu, au uamuzi ni wa mkubwa wa shirika? Likiwa la pili, fahamu kwamba uongozi ukibadilika, msimamo nao unaweza kubadilika.

Ukishatuma ombi usichore nyingine, hata ya mtakatifu somo wako. Mlezi ataisoma kama dalili kwamba bado unaamua mambo ya kudumu kwa pupa.

Afya na kufuta

Pima VVU na homa ya ini B na C, hasa kama ulichorwa mtaani kwa sindano usiyoijua ilikotoka. Kama ni juzijuzi, rudia baada ya miezi 3; kwa homa ya ini C subiri mpaka miezi 6 ndipo uamini jibu.

Kufuta kusubiri neno la shirika. Unaweza kutumia akiba yako yote kufuta kitu ambacho wangekipokea. Na usikope kamwe: kanuni ya 644 inakataza kumpokea katika unovisi mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Tatuu haikuwa kizuizi. Mkopo wa kuifuta, ukishindwa kuulipa, utakuwa.

Wakikuomba ufute, tafuta daktari wa ngozi. Kwa ngozi nyeusi uliza kama wana leza ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064, ambayo hupita kwenye rangi ya ngozi bila kuiunguza sana. Leza za mawimbi mafupi zinaweza kuacha mabaka meupe au meusi. Wajaribu kwanza sehemu ndogo, kisha msubiri wiki kadhaa. Kama ukoo wenu una makovu yanayovimba, sema kabla hawajaanza. Kifuani na mabegani ndiko huvimba zaidi. Wino mweusi hutoka vizuri kuliko rangi nyingine; kijani na buluu ni wabishi, njano ni mgumu zaidi, na mweupe unaweza kugeuka mweusi ukipigwa leza. Maji ya betri, dawa ya madoa, kusugua kwa chumvi au pasi ya moto huacha kovu linaloonekana kuliko mchoro wenyewe, na kovu hilo leza hailiondoi.

Piga hesabu ya muda. Vikao 8 vyenye nafasi ya wiki 8 vinakula zaidi ya mwaka. Vimalize kabla ya unovisi, hata kama ni wakati wa upostulanti, hatua inayoutangulia, kwa sababu kanuni ya 649 inasema kutokuwepo kwenye nyumba ya unovisi kwa zaidi ya miezi 3, hata kwa vipande, kunaubatilisha, na zaidi ya siku 15 lazima zifidiwe. Safari za hospitali mjini zinaweza kujumlishwa humo.

Ukikataliwa, omba sababu kwa upole na uulize kama ni ya kudumu au ni mpaka ufute. Unaweza kuomba shirika lingine. Kama ulikuwa bado hujapokelewa, kanuni ya 645 haikudai barua kutoka lile la kwanza. Kama ulishapokelewa shirikani au seminarini ukatoka, kanuni hiyo inadai ushuhuda wa mkubwa wa kule, basi uombe mapema ukiwa bado mnaelewana.