Kuomba ufadhili wa mafunzo mafupi: anza na yale yanayochelewa

Maombi mengi ya wanasayansi chipukizi hukwama kwenye karatasi kabla mtu hajasoma wazo la utafiti. Basi yanayotegemea watu wengine yatangulie. Insha yako unaweza kuiandika hata usiku.

Barua ya mapendekezo ndiyo inayochelewa kuliko vyote. Iombe wiki sita kabla. Mtumie msimamizi wako tangazo lenyewe, wasifu wa kurasa mbili, ikisiri ya utafiti, tarehe ya mwisho, na mistari mitano ya mambo aliyoyaona kwa macho yake: ulivyogundua kwa nini PCR (kipimo cha vinasaba) ilikuwa inatoa majibu ya uongo, ulivyowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kusoma slaidi za malaria. Barua inayosema tu kwamba wewe ni mchapakazi mwenye nidhamu haikusaidii kitu, hata ikiwa na sahihi ya mkuu wa kitivo. Afadhali mhadhiri wa kawaida aliyefanya kazi nawe maabara. Mkumbushe wiki mbili kabla, tena siku tatu kabla, na mwambie aangalie barua taka: mara nyingi mfumo wa maombi humtumia kiungo cha kupakia barua moja kwa moja, kikapotelea huko.

Wa kilimo waanze na RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wa kujenga uwezo katika kilimo, ambayo sekretarieti yake iko hapa hapa Makerere, Kampala. Wanawake watazame OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, na wote watazame TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea. Zote mbili ziko Trieste, Italia. DAAD (shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo) na ufadhili wa Jumuiya ya Madola ni wa shahada zaidi kuliko kozi za wiki mbili. Anayetaka mtu wa kumwongoza katika kuandika makala ajisajili AuthorAID, mtandao wa kusaidia watafiti wa nchi zinazoendelea, ni bure.

Tangazo likitaja “miaka mitano tangu shahada”, uliza wanahesabu kuanzia siku ya kutetea tasnifu au ya mahafali. Tofauti inaweza kufika miezi kadhaa. Cheti kikiwa bado, omba barua kwa msajili mapema.

Kuhusu saa: Uganda iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa. Mwisho wa 17:00 UTC ni saa 2 usiku Kampala. Lakini 17:00 ya London wakati wa kiangazi chao ni saa 1 usiku kwetu, na hapo ndipo watu hufungiwa nje. Tuma siku mbili kabla, maana umeme na intaneti havina adabu.

Ikiwa mpango wako ni kupeleka sampuli kwenye maabara ya nje, usiziweke kwenye begi. Kwanza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, kisha usajili wa UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda), pamoja na mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa na taasisi zote mbili. Hii ni kazi ya miezi. Mafunzo yakiwa karibu, ni rahisi zaidi kwenda na data tu.

Ukikubaliwa, uliza swali moja kabla ya kushangilia: je, wananunua tiketi wenyewe au wanarudisha pesa baada ya safari? Wakisema wanarudisha, waandikie mara moja kuomba wakulipie tangu mwanzo. Wengi hukubali wakiombwa. Wakikataa, tunza risiti zote na vipande vya pasi ya kupandia ndege. Viza ya Schengen unaweza kuiomba hadi miezi sita kabla. Chanjo ya homa ya manjano nayo huanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchomwa.