Kudizaini shildi ya Arduino Uno ya kuwashia pampu, hatua kwa hatua

KiCad, programu ya kompyuta ya kuchorea saketi na bodi, ni ya bure na inatosha kabisa, kwa hiyo tuchukue mfano wa shildi ya Uno (ile bodi ndogo ya Arduino unayoiprogramu) yenye rilei moja (swichi inayoendeshwa na umeme) ya volti 5 ya kuwashia kipampu cha volti 12, yaani shildi ni bodi ndogo inayokaa juu ya Uno bila waya kuning'inia kila upande. Umeme wa ukutani usiupitishe humu, huo una mambo yake.

Anza na mchoro wa saketi. Pini ya Uno usiibebeshe zaidi ya miliampia 20 na koili (waya uliozungushwa ndani) ya hizi rilei ndogo za buluu inakula kama 70, kwa hiyo katikati weka transista, mfano 2N2222, na rizista ya kilo-omu 1 kwenye besi (mguu wa transista unaoiwasha), afu dayodi ya 1N4007 sambamba na koili, ule mstari wake ukae upande wa volti 5. Dayodi usiiache jamani, rilei ikizima koili inarusha volti kubwa na transista ndo inakufa.

Sasa bodi yenyewe, hapa tulia. Matundu ya pini yameachana milimita 2.54 ila kati ya pini ya 7 na ya 8 pengo ni 4.06, ukikadiria kwa macho bodi haiingii ng'o, tumia tempuleti ya Uno iliyomo humo humo KiCad. Afu soketi ya USB ni bati tupu na imeinuka, juu yake usipitishe miguu ya vipuri, ikigusa ni shoti. Treki (njia za shaba kwenye bodi) za signali upana wa milimita 0.25 zinatosha, za pampu nenda hata 2, nafasi inayobaki jaza grauni (shaba iliyoungwa na mainasi), endesha DRC (ukaguzi wa makosa ya bodi uliomo KiCad) mpaka makosa yaishe.

Vipuri nunua KABLA ya kuagiza bodi. Tamino za skurubu (za kufungia waya) zipo za milimita 5.00 na za 5.08 kati ya mguu na mguu, kwa macho zinafanana. Printi bodi kwenye karatasi kwa asilimia 100, ibandike kwenye boksi gumu, toboa, chomeka vipuri vyenyewe afu ipachike juu ya Uno, maana bodi ikishatengenezwa tundu halihami.

Andika plasi na mainasi ya pampu kwenye bodi, toa faili za Gerber (michoro ya tabaka za bodi ambayo kiwanda kinatumia kuitengeneza) na za matundu, zifungue uone tabaka zote zipo ndo utume.