Kwenda Mikumi na tela dogo la kulala: lipakie kwa mizani, kisha liache kambini

Mikumi iko kilomita zipatazo 300 kutoka Dar, lami mwanzo hadi mwisho, na barabara kuu ya Morogoro–Iringa inakatiza katikati ya hifadhi. Kwa marafiki wanne wenye gari moja na tela, ni pazuri pa kuanzia. Saadani iko karibu zaidi na ina bahari, ila subirini kiangazi kikolee. Njia za udongo zikilowa, tela ni la kusukumwa na watu.

Matatizo mengi ya tela huanzia nyumbani, wakati wa kupakia. Pua ya tela, yaani sehemu inayokaa kwenye ndoano ya gari, ibebe takribani asilimia 10 ya uzito wote. Kama tela lililojaa lina kilo 700, chukua mizani ya kupimia watu, weka gogo juu yake, teremsha pua ya tela huku tela likiwa limelala sawa: usome kilo 70 hadi 80. Ikisoma 40, nyuma ni nzito, na ukifika kasi ya 80 lori likikupita tela litaanza kupiga mkia. Likianza, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu. Kuongeza kasi ili "kulinyoosha" ndiko kunakopindua magari.

Kinachoharibu hesabu hii mara nyingi ni maji. Watu wanne kwa siku tatu, lita 7 kwa mtu kwa siku, ni madumu manne ya lita 20 na ushee, yaani zaidi ya kilo 80. Yapangwe juu ya ekseli, chini kabisa. Mkaa, mtungi wa gesi wa kilo 6 (usimame wima, umefungwa) na boksi la barafu vifuate hapo hapo. Nyuma ya tela wekeni magodoro na nguo.

Tairi za tela huzeeka kabla hazijaisha kashata. Angalia tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikipita miaka sita, badilisha hata kama zinang'aa. Spea ya gari mara nyingi haiingii kwenye tela, kwa hiyo bebeni spea yake, na mjaribu nyumbani kama jeki inaingia chini na kama spana inashika nati zake. Beringi zifunguliwe zitiwe grisi mpya kabla ya safari. Mnyororo wa usalama upite kwa kupishana chini ya pua. Ukishafunga ndoano, inua pua kwa kigurudumu cha mbele: nyuma ya gari inapaswa kuinuka nayo. Ikichomoka, haikuwa imekaa. Mwisho rafiki asimame nyuma aangalie taa za breki na indiketa. Trafiki wa njiani wataziangalia pia, pamoja na bima na namba ya usajili ya tela lenyewe.

Ondokeni saa 11 alfajiri. Wanaokaa Tegeta au Bunju wapite Bagamoyo na Msata kisha washuke Chalinze, waepuke foleni ya Kimara na Kibaha. Simameni Chalinze, mguse habu za magurudumu: vuguvugu ni sawa, ikiunguza kiganja beringi imekazwa mno au haina grisi. Rudieni Morogoro. Kwenye matuta shukeni mpaka mwendo wa kutembea, maana tuta ambalo gari linalimeza, tela hulirukia. Ndani ya hifadhi mwendo wa mchana kwenye lami ni 70, na kuna bango la faini kwa kila mnyama anayegongwa.

Getini hawapokei fedha taslimu; malipo ni kwa kadi au namba ya malipo. Kila mtu awe na kitambulisho, kwani raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi kiwango cha chini. Mkiomba malipo tajeni tela na usiku mtakaolala, sababu kiingilio na kambi ni malipo mawili tofauti. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Mkifika kambini, lifungueni tela kabla ya kwenda kuona wanyama. Ziwekeni kabari kwenye magurudumu kwanza, ndipo mfungue ndoano. Wengi hugeuza mpangilio na tela linaondoka lenyewe. Msilivute kwenye uwanda wa Mkata wanakozunguka wanyama: udongo wake mweusi ukipata mvua hushika kama gundi, na tembo akiziba njia huwezi kurudi nyuma haraka. Kwa kurudi nyuma kambini, shika usukani kwa chini: mkono ukienda kulia, tela linaenda kulia.

Matunda yasilale nje wala kwenye hema, tembo huyanusa. Nyani hufungua zipu, kwa hiyo chakula kikae ndani ya gari. Viatu pia, kwa sababu ya fisi. Nguo za bluu na nyeusi huita mbung'o.

Kibali ni cha saa 24 tangu mlipoingia. Kukunja kambi na kufunga tela huchukua saa nzima na nusu kwa watu wasiozoea, basi anzeni mapema, mkipitiliza mnalipia siku nyingine.